Ganda la Dainamo

Kirongwe, Mafia
6 Oktoba 2024

Mdogo wangu Mudrik,

Assalaam aleikum. Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu, na natumai wewe na mkeo Umi na watoto hamjambo huko Tanga. Mihogo mwaka huu imekubali. Korosho bado tunaombea. Bi Kijakazi, yule jirani uliyekuwa ukimwibia madafu, amefariki mwezi uliopita, na mpaka siku zake za mwisho alikuwa akiniuliza, "Yule mwizi wangu yuko wapi siku hizi?" Nilimjibu kwamba amekuwa fundi mkubwa wa umeme wa magari. Akacheka mpaka akakohoa.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu zangu hupokei. Ukipokea unasema "nitakupigia dada", kisha mwezi unakatika. Barua huwezi kuikata.

Jambo lenyewe ni hili. Mwanangu Somoe ana mimba ya miezi mitatu. Ile ya kwanza ilimharibikia, na daktari amesema safari hii, dalili ya kwanza tu, apelekwe hospitali Kilindoni, asisubiri. Sasa Baba ameapa kwamba atakwenda na Landrova yake, si gari nyingine. Nimemwambia kuna gari ya wagonjwa, kuna bajaji, dunia imebadilika. Ananijibu, "Nasma nilishindwa kumfikisha. Huyu nitamfikisha." Ukisikia mzee wa miaka themanini na nne anasema hivyo, utamwambia nini?

Na gari ni ile ile. Dainamo ni ile ile. Inachaji ikikimbia tu. Ikienda polepole kwenye matope na taa zimewashwa, inakula betri mpaka inazimika. Unajua kama ninavyojua mimi kilichotokea pale Baleni mwaka 2005, nami nimekaa kiti cha nyuma na kichwa cha mdogo wetu Nasma kipo mapajani mwangu. Somoe anajua pia. Ndiyo maana halali usiku.

Haruni, fundi wetu wa hapa, alimshauri Baba aweke alteneta ya kisasa. Baba alimfukuza. Alisema gari hii haitiwi kitu ambacho Nasma hakukijua. Basi Haruni akaniita pembeni akaniambia kuna mafundi wanaoweza kuificha alteneta ndani ya ganda la dainamo ya zamani, mtu akifungua boneti asione tofauti. Yeye hawezi. Akasema anamjua mtu mmoja tu anayeweza, na mtu huyo ana dada anayekaa Kirongwe.

Sikuombi uje. Hilo nililiacha zamani. Naomba mikono yako tu.

Dada yako,
Swabaha


Tanga
29 Oktoba 2024

Dada Swabaha,

Shikamoo. Barua nimeipata. Sisi wazima. Umi anawasalimu. Mtoto mkubwa amemaliza kidato cha nne na hataki kabisa mambo ya gereji, anataka kusomea unesi. Poleni kwa msiba wa Bi Kijakazi.

Kazi hiyo nitaifanya. Haruni afungue dainamo nzima aitume, asibakize hata bolti. Mwambieni Baba inakwenda kubadilishwa beringi na yale makaa ya ndani. Si uongo sana.

Haina malipo. Mpe Somoe salamu zangu. Kazi ni nyingi, sitaweza kuja.

Mudrik


Kirongwe
17 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipima kwa kidole, haikufika urefu wa kidole. Hukumwulizia Baba. Basi nitakueleza bila kuulizwa.

Ni mzima. Macho ndiyo yamepungua, haendeshi tena, Haruni ndiye anayeiendesha gari. Lakini kila siku baada ya Alasiri anatoka na kanzu yake safi, anapanda, anakaa kwenye usukani, anawasha, anaiacha inanguruma taratibu pale pale chini ya banda. Hasogei hata hatua. Anaiangalia ile taa nyekundu ndogo ya chaji kwenye dashibodi. Gari ikinguruma taratibu, dainamo haichaji, kwa hiyo taa inawaka na kufifia, inawaka na kufifia. Zamani nilidhani anasikiliza injini.

Mwaka jana nilimpelekea uji nikamkuta anaongea. Nikamwuliza anaongea na nani. Akanionyesha ile taa. "Nasma huyu. Anaponiuliza, ndipo inapowaka. Anauliza kama tumefika." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekwambia chumvi imekwisha. Nikamwuliza, nawe unamjibu nini? Akanitazama. "Nimjibu nini mimi?"

Usiniambie ni uzee. Mimi mwenyewe, Mudrik, nina miaka hamsini na saba, sina kichaa. Kila tukipita Baleni na gari ile, mahali pale pale pa mteremko, kiti cha nyuma kinalia kama mtu amejigeuza. Haruni pia amekisikia. Sasa akifika pale anasoma Kulhuwallah na kukanyaga mafuta.

Dainamo ninaituma na boti ya Nyamisati, kisha Dar, kisha basi. Imo kwenye gunia, nimeizungushia nguo na nazi ishirini ili wapakizi wasiitupe. Nazi ni zenu. Baba alikubali iende baada ya siku nne za kuvutana. Ameikwaruza alama kwa msumari ubavuni na kusema, "Hii hii irudi."

Nakuuliza kitu kimoja, ujibu ukitaka. Baba hajawahi kulitaja jina lako kwa ubaya. Basi unamkimbia nani?

Swabaha


Tanga
12 Januari 2025

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa. Nazi zilifika zote, tumezila na wali mpaka watoto wamechoka. Umi alikuwa na malaria, sasa yuko vizuri.

Mzigo huu hapa. Nimeutoa utumbo wote wa dainamo na kubakiza ganda. Ndani nimeingiza alteneta ndogo ya gari la Kijapani, na reguleta yake ya kudhibiti umeme imo humo humo. Kutu sijaisugua. Alama ya msumari sijaigusa. Baba akipitisha kidole ataikuta.

Msomee Haruni haya polepole. Kile kisanduku cha reguleta ya zamani kibaki mahali pake kwa sura tu, ila waya ziunganishwe ndani yake kama nilivyochora nyuma ya karatasi hii. Jambo la pili, gari hiyo ni ya zamani, betri yake imefungwa kinyume cha magari ya sasa: upande wa chanya ndio ulioungwa kwenye bodi. Alteneta haitaki hivyo. Ageuze betri kwanza, kabla hata ya kugusa swichi. Akisahau itaungua mara moja, na kazi ya miezi miwili imekwenda.

Taa nyekundu ya chaji isitolewe. Alteneta hii inaamshwa na umeme unaopita kwenye taa ile, na bila taa haianzi kuchaji, na dereva hatajua kitu mpaka betri iishe. Kwa hiyo taa isitolewe, hata ikiwasumbua vipi. Mwambie Haruni nimesema taa isitolewe.

Nimeifanyia majaribio wiki nzima. Inachaji hata injini ikinguruma taratibu kabisa. Betri haitaisha.

Swali lako nimeliona.

Mudrik


Kirongwe
9 Februari 2025

Mdogo wangu Mudrik,

Salamu nyingi. Malaria ya Umi imenisikitisha, mwambie anywe dawa zote asiache zikibaki mbili kama alivyozoea. Somoe tumbo limekuwa kubwa, anatembea ameshika kiuno kama mama mkwe. Mvua za vuli zilitupita.

Haruni ameifunga. Aligeuza betri kwanza, nilisimama juu yake na barua yako mkononi. Baba alipitisha kidole kwenye alama yake ya msumari akatikisa kichwa kwa kuridhika. Gari imewaka. Tumekwenda Kilindoni na kurudi na taa zote zimewashwa mchana kweupe, watu wanatucheka, na betri ikarudi imejaa. Kwa kazi ya mikono yako nakupa heshima yako.

Lakini umetuletea balaa ambalo hukulijua, na mimi sikulifikiria.

Ile taa haiwaki tena. Ukifungua swichi inawaka, ukiwasha injini inazima, na imezima moja kwa moja. Baba alikaa kwenye usukani baada ya Alasiri, akawasha, akangoja. Akazima, akawasha tena. Alifanya hivyo mpaka adhana ya Magharibi. Nilipomfuata nilimkuta machozi yanamtiririka na hayafuti. Alisema, "Amenyamaza." Nikamwambia labda amepumzika, Baba. Akasema, "Hapana. Hajafika, atapumzikaje? Kuna mtu kamziba mdomo."

Tangu siku hiyo hali chakula vizuri. Na amesema Somoe hatapanda gari ile. Anasema gari imekufa, inatembea tu. Wakati huo huo hataki apande nyingine, maana ameshaapa. Kwa hiyo mwanangu yuko katikati, na siku zinahesabika. Somoe analia, mimi nalia, Haruni anasema turudishe makorokoro ya zamani. Niambie tufanye nini.

Na kuna la pili. Haruni alipofungua dashibodi alikuta balbu ya ile taa si ya gari. Ni ya tochi, imefungwa kwa uzi na kipande cha bati. Akaniuliza, ya asili nani aliitoa? Nikamwambia sijui. Halafu nikaisoma tena barua yako. Mudrik, mtu haandiki "taa isitolewe" mara tatu kwa fundi mwenzake bure.

Asubuhi ile tuliporudi kutoka Baleni, mimi nilikuwa naosha maiti. Wanaume walikuwa wanachimba. Ulipita uani na begi, nikadhani unakwenda kununua sanda. Tulikungoja mpaka tukalazimika kuzika. Miaka kumi na tisa nimewaambia watu kwamba majonzi yalikuzidi. Niambie kama nilisema uongo.

Swabaha


Tanga
2 Machi 2025

Dada yangu Swabaha,

Shikamoo. Ramadhani imeingia, Mungu atupe nguvu. Umi amepona. Mengine ya nyumbani ni mazuri, sitayaandika, maana nikianza nayo nitaishia nayo kama kawaida yangu.

Hukusema uongo, ila hukusema yote kwa sababu hukuyajua.

Mwaka ule nilikuwa na kibanda changu Kilindoni, unakikumbuka. Dainamo ya Baba iliungua nikaisuka upya. Sikuisuka vizuri. Kila Baba akiiendesha, taa nyekundu ilikuwa inawaka njiani, naye kila ikiwaka alikuwa anasimama, anageuza, anakuja kunisema mbele ya wateja. "Fundi gani wewe, taa yangu inawaka." Mara tatu katika wiki moja. Wateja walikuwa wanacheka. Nilikuwa na miaka thelathini na moja na nilikuwa na kiburi.

Jumatano nikaitoa balbu. Nilimwambia nimeshaitengeneza. Akaizungusha gari mpaka Kiegeani na kurudi, taa haikuwaka. Ijumaa, baada ya sala, alisimama mlangoni mwa msikiti akawaambia watu, "Mwanangu kaitengeneza." Alinishika bega wakati anasema. Nilitaka kumwambia. Nikasema nitamwambia Jumatatu, nikishaisuka upya sawasawa.

Nasma alishikwa na uchungu Jumamosi.

Nililetewa habari kwamba gari imezimika Baleni, nikachukua betri nikaifunga kwenye pikipiki. Nilipofika, wewe ulikuwa umemfunika khanga yako. Baba alikuwa amesimama mbele ya boneti, akaniambia, "Sikuiona taa, Mudrik. Sijui nilikuwa naangalia wapi. Sikuiona." Nikanyamaza. Dada, nilinyamaza. Nilimwacha baba yangu aamini macho yake ndiyo yaliyomuua mwanawe.

Asubuhi niliona udongo umerundikwa pembeni ya kaburi na nikajua siwezi kuushika kwa mkono ule ulioitoa balbu. Nikaenda nikapanda boti.

Unasema kiti cha nyuma kinalia. Mimi hapa gereji, kila gari ninayoitengeneza, mteja akiwasha nasimama nangoja taa izime. Ikizima, mtu anashusha pumzi nyuma ya bega langu. Sigeuki. Mwanzoni nilikuwa nageuka.

Msomee Baba barua hii. Nisingetaka asikie mdomoni mwa mtu mwingine yeyote, na mdomo wangu mwenyewe umeshindwa. Mwambie hakuna aliyemziba Nasma mdomo ila mimi, na si mwaka huu. Akitaka dainamo ya zamani irudi, utumbo wake nimeuhifadhi wote, nitautuma. Lakini Somoe asiende na ile.

Mdogo wako,
Mudrik


Kirongwe
27 Aprili 2025

Mudrik,

Somoe amejifungua. Nimeanza na hilo ili usisome mengine ukiwa umeshika roho. Mtoto wa kike, kilo tatu na robo, ana hasira za kwetu. Salamu zitafuata mwisho, leo nimezigeuza.

Barua yako niliificha Ramadhani yote. Nilikuchukia, sitakuficha. Nilikuwa nakunja sambusa nakuchukia. Siku ya pili ya Idi nikaenda bandani nikakaa kiti cha pembeni yake nikamsomea Baba neno kwa neno. Alisikiliza akiwa ameshika usukani. Alitaka nirudie pale pa msikitini. Nikarudia. Kisha akasema nimletee maji, na hakulizungumza tena kwa siku tisa. Nilidhani nimemuua.

Ijumaa ya tarehe kumi na moja, asubuhi, Somoe akaanza. Mvua ya masika ilikuwa inamwagika, barabara yote uji. Nilikwisha kumpigia mwenye bajaji. Baba akatoka amevaa kanzu na koti, akaenda bandani, akapanda mbele. "Haruni, washa. Swabaha, mpandishe mwanao." Nikampandisha.

Tulikwenda mwendo wa kobe, waipa zinafanya kazi, taa zinawaka. Somoe alikuwa ameniuma mkono. Tulipofika Baleni pale kwenye mteremko, Baba akasema, "Simama." Haruni akasimama. "Zima."

Nilimpigia kelele baba yangu, Mungu anisamehe. Nilimwambia kama anataka kuniulia mwanangu pale pale alipofia mwanawe basi aniue na mimi. Haruni alikuwa ameshika ufunguo, hajauzungusha. Baba hakugeuka. Alisema, "Zima, itawaka. Niliona betri imegeuzwa siku ile ile mliyoifunga. Mnadhani ni kipofu kiasi hicho? Namjua aliyeitengeneza. Zima."

Haruni akazima.

Ikabaki mvua tu juu ya bati. Na hapo, Mudrik, nilimsikia. Si kiti. Sauti yake, pembeni yangu, upande ambao Somoe hakuwepo, inauliza kama alivyoniuliza usiku ule. Sijawahi kumwambia mtu: usiku ule Nasma aliniuliza mara tatu kama tumefika, na mimi sikumjibu hata mara moja, kwa sababu sikuwa na jibu zuri la kumpa. Nilikuwa namfuta jasho tu na kumnyamazia. Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako uliyenyamaza.

Baba alishuka kwenye mvua. Akazunguka, akafungua mlango wa nyuma, akaushika wazi kama unavyomshikia mtu mzito. Akasema, "Tumefika, mama. Teremka taratibu." Alingoja muda ambao mjamzito huchukua kuteremka. Mto wa kiti ukainuka wenyewe. Kisha akafunga mlango, akarudi mbele, kanzu inamchuruzika, akamwambia Haruni, "Twende."

Gari iliwaka kwa mguso mmoja. Tulifika Kilindoni, na saa saba mchana mtoto akazaliwa. Nilitaka aitwe Nasma. Baba amekataa. Amesema mwacheni mwenzenu apumzike, huyu mpeni jina lake mwenyewe. Somoe amemwita Sheikha.

Jioni, tukiwa tumekaa kwenye benchi la hospitali, Baba aliniambia nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema. Nayaandika.

"Mwambie hivi. Tundu la taa nililikuta tupu keshoye baada ya mazishi, nikalitia balbu ya tochi mimi mwenyewe. Sikuhitaji barua. Nilikuwa nangoja aje aniambie. Na mwambie taa ile hata ingekuwepo, hata ingewaka kama moto, ningesimama wapi? Mwanangu yuko nyuma anakufa, nisimame kwa sababu ya taa? Ningekwenda tu, mpaka ilipozimika pale pale. Nilimwambia sikuiona kwa sababu nilitaka mtu mmoja aniambie si kosa langu. Nilimwambia yeye, na yeye akanyamaza, akaondoka."

Nikamwuliza, basi umemsamehe? Akasema kwenye taa hana cha kusamehe. Kwenye udongo anacho. Kila mtu wa nyumba hii alitupa mafumba yake matatu ya udongo kaburini siku ile, hata Bi Kijakazi alisogea na fimbo yake, isipokuwa ndugu mmoja.

Afya yake si nzuri tangu ile mvua. Anakohoa. Anakula kwa kubembelezwa. Bandani hendi tena.

Salamu kwa Umi na watoto. Kaburi la Nasma limetitia kwa mvua za mwaka huu, upande wa kichwani pameingia shimo la kina cha mkono. Haruni na majirani walikuja na majembe kulijaza. Baba aliwazuia. Amewaambia walifunike kwa makuti, udongo wa ndugu mmoja bado haujafika.

Dada yako,
Swabaha